Kwa Bodi ya Kuainisha Filamu: Mbona kinachowakera ni kudumu?

Kwa Mwenyekiti, Afisa Mkuu Mtendaji na wanachama wote wa Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB), Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kabla ya kuomba kibali, si baada ya kunyimwa. Barua za namna hii huja marufuku ikishatangazwa, kila upande umeshaita waandishi wa habari, na hakuna tena anayesikiliza. Nimeona heri tusemezane mapema, wakati filamu yenyewe ingali daftari, maswali machache, na watu wawili waliokubali kwa shingo upande kwamba nikibisha hodi na kamera hawatanifungia mlango.

Ni dokumentari kuhusu wanaume wawili ambao wameishi nyumba moja kwa muda unaozishinda ndoa nyingi nilizokula pilau ya harusi zake. Sitataja kaunti wanayoishi wala kazi wanazofanya. Hakuna tendo la chumbani ndani yake, hakuna maandamano, hakuna mwanaharakati anayetoa hotuba. Kuna dawa za kisukari zinazomezwa kwa saa, kuna kodi ya nyumba, kuna ubishi usiokwisha kuhusu nani aliuacha mlango wa jikoni wazi paka wa jirani akaingia. Mmoja anapika, mwenzake anakosoa chumvi. Wangekuwa mume na mke, mngeipa alama ya kutazamwa na watu wa rika zote na kwenda zenu kunywa chai.

Kwa kuwa si mume na mke, nimekaa nikaisoma rekodi yenu.

Mwaka 2014 mlikataa kuidhinisha Stories of Our Lives, visa vitano vifupi vya rangi nyeusi na nyeupe ambavyo kundi la The Nest la hapa Nairobi liliviunda kutokana na mahojiano na Wakenya mashoga na wasagaji wenyewe. Ilikuwa imeshaonyeshwa Toronto mwezi Septemba. Oktoba, mtayarishaji wake mkuu, George Gachara, akakamatwa kwa madai ya kurekodi bila kibali, kesi ambayo baadaye iliondolewa. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Rafiki, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, na filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Mlisema inaeneza usagaji. Lakini mwelekezi wake, Wanuri Kahiu, amesimulia hadharani kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake, kwa kuwa ulionekana una matumaini kupita kiasi. Septemba 2021 mkapiga marufuku I Am Samuel ya mwelekezi Peter Murimi na mtayarishaji Toni Kamau, dokumentari iliyochukua miaka mitano kurekodiwa, ikimfuata mwanamume aliyekulia kijijini na mwenzake anayempenda. Katika taarifa yenu mlilalamika kwamba filamu hiyo inataka ndoa ya jinsia moja ionekane kuwa maisha yanayokubalika, na kwamba wawili hao walifunga ndoa yao kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, jambo mliloliona ni kuudhalilisha Ukristo.

Someni tena sababu hizo za 2018 na 2021 kwa pamoja. Katika ya kwanza kosa ni tumaini mwishoni. Katika ya pili kosa ni kiapo. Sikuona mahali mliposema kwamba tatizo ni uchi, au matusi, au damu. Kama wale wasichana wa Rafiki wangeachana wakijuta, na kama yule Samuel angerudi kijijini akaoa mke aliyechaguliwa na wazazi, nashuku tungekuwa tunajadili alama ya umri tu. Hamkatai kuwaona mashoga kwenye skrini. Vichekesho vyetu vya runinga vimekuwa vikimleta mwanamume anayetembea kwa madaha na kubana sauti tangu nikiwa mtoto, watu wakacheka mpaka machozi, na sijasikia hata kimoja kimepigwa marufuku kwa sababu hiyo. Achekwe, sawa. Apigwe, sawa. Afe kwa ugonjwa huku akitubu, hapo hata mahubiri yapo ndani. Akizeeka na mwenzake katika nyumba yenye mapazia yaliyopigwa pasi, ndipo muhuri unapotafutwa.

Filamu yangu yote ni hicho mnachokikataa. Haina kitu kingine ninachoweza kukipunguza ili kiwapendeze.

Najua mtanijibu kwa sheria, na sina nia ya kujifanya siijui. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumiwa kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, vipo, cha kwanza kikiwa na kifungo cha hadi miaka 14. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa kuvifuta. Ibara ya 45 ya Katiba inazungumzia haki ya mtu mzima kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Sawa. Filamu haiombi cheti cha ndoa. Ila nataka mnieleze jambo moja kuhusu uhusiano wa uhalifu na sinema. Mwaka 2012 Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga ilitupeleka ndani ya genge la wezi wa jiji hili, tukampenda kijana anayeiba vipuri vya magari, tukamwombea asikamatwe. Wizi wa kimabavu katika nchi hii adhabu yake iliyoandikwa ni kifo. Filamu hiyo ikasifiwa kila mahali, ikawa ya kwanza kuiwakilisha Kenya kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni, nami nilishangilia kama wengine. Hakuna aliyesema inaeneza wizi. Tulielewa kwamba kumwonyesha mtu ni kumwonyesha mtu. Uelewa huo uliishia wapi?

Ibara ya 33 inataja kwa jina uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kisha inaorodhesha yasiyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, na utetezi wa chuki. Wazee wawili wanaobishana juu ya chumvi hawamo. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku ya Rafiki kwa siku saba ili watu wazima wakaitazame, akasema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi ya maadili yake itatikiswa kwa kutazama filamu yenye maudhui hayo. Kumbi zilijaa. Siku ya nane tuliamkia foleni ile ile ya Thika Road. Yaliyofuata mahakamani ni marefu, na mawakili wenu wanayajua kuliko mimi.

Sheria ninayotaka hasa tuizungumzie ni ile mnayoisimamia ninyi wenyewe, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Iliandikwa mwaka 1962, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea hapa. Kifungu cha 5 kinamtaka anayeomba kibali cha kurekodi aambatanishe maelezo kamili ya mandhari, pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Yote! Kwa mtu anayetengeneza filamu ya kuigiza, hilo ni usumbufu tu, skripti anayo. Kwa dokumentari ni kichekesho. Nitaandikaje maneno ambayo mtu ninayemrekodi hajayafikiria? Ninachorekodi ni yale ambayo sikuyajua. Wakoloni waliotunga kifungu hicho walikuwa na sababu yao: walitaka kujua mapema Mwafrika atasema nini. Sababu yetu sisi ni ipi?

Na kwa filamu kama yangu hicho si kichekesho tena. Nikiyaandika maelezo kamili ya mandhari kama sheria inavyodai, nimeandika nyumba yao, mtaa wao, kanisa analoimba kwaya mmojawapo, na kliniki wanakokwenda. Faili hilo litapita mikononi mwa watu wangapi kabla halijafika mezani kwenu? Tangu Mei 2023, Uganda ilipoweka sheria yenye hukumu ya kifo kwa kile inachokiita ushoga uliokithiri, na mwaka huo huo mbunge Peter Kaluma akatayarisha hapa kwetu mswada wake wa Ulinzi wa Familia, unaotaka adhabu kali kwa mashoga, watu wangu wawili wameongeza komeo la pili mlangoni. Hawakuwa watu wa hofu. Mmoja wao ana ulimi mkali sana kwa kweli, ananiita mtoto ilhali nina mvi.

Kuhusu nyuso zao bado hatujaamua. Kuziba uso kwa ukungu ni desturi katika filamu za aina hii na kuna wakati ni lazima, lakini mjue kinachopotea. Mtazamaji akiona uso uliozibwa anaona mshukiwa. Mwanamume akimfunga mwenzake kifungo cha kola kabla ya ibada ya Jumapili, na wote wawili hawana nyuso, picha hiyo inageuka ushahidi wa kesi. Tumefikiria kutumia mikono tu, sauti, migongo, chumba chenyewe. Tumefikiria waigizaji. Tumekubaliana kwamba watatazama filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, na kwamba hata siku hiyo ya mwisho, pesa zikiwa zimeshaliwa na uhariri umekwisha, bado wanaweza kusema hapana. Ridhaa ya mtu kwa kazi ya miaka haiwezi kuwa karatasi aliyotia saini mara moja. Mtu anakubali akiwa na afya, kisha anaugua. Anakubali dada yake akiwa hazungumzi naye, kisha dada anarudi.

Sehemu ninayoiogopa zaidi kuirekodi, nayo ndiyo ninayoihitaji zaidi, ni mazishi. Sisi Wakenya tunamjua mtu alikuwa nani kwa kuangalia nani ameketi wapi siku ya kumzika. Mama yake mmoja wao alipofariki, mwenzake ndiye aliyekimbizana na bili ya mochari, akachangisha kazini kwao, akakodisha matatu ya waombolezaji. Kwenye ratiba iliyochapishwa hakuwemo. Wakwe wa siku za karibuni walipewa viti vya mbele chini ya hema. Yeye alikuwa nyuma kwenye sufuria, akihakikisha wali haukauki. Aliponisimulia hakulalamika hata kidogo. Alilalamikia ule wali.

Sasa mfikirieni yeye siku mwenzake atakapotangulia. Mnaikumbuka kesi ya wakili S.M. Otieno. Alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, aliyekuwa na cheti halali cha ndoa na watoto na nyumba, akapambana mahakamani na ukoo wa mumewe, Umira Kager, kwa miezi mitano juu ya mahali pa kumzika. Akashindwa. Marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Kama mke wa ndoa alishindwa mbele ya ukoo, mtu ambaye kwenye fomu ya hospitali huandikwa 'binamu' ataanzia wapi? Wosia unaweza kuandikwa, ndiyo, na sheria inamruhusu mtu kumwachia mali yake amtakaye. Lakini wosia hauamui nani ataitwa kuutambua mwili, wala nani atasimama kando ya kaburi wakati wa kutupa udongo. Wawili hawa wamelizungumza jambo hilo kwa makini kuliko mawakili, tena juu ya meza ya chakula. Nataka mazungumzo hayo yawe katikati ya filamu. Mkenya yeyote aliyewahi kugombania mwili wa marehemu atayaelewa, awe anawapenda mashoga au hawapendi.

Hebu niseme pia kuhusu pesa, kwa kuwa mara nyingi tunaambiwa kwamba sisi tunaotengeneza filamu hizi tumetumwa na wazungu. Ni kweli kwamba fedha nyingi za dokumentari za Afrika Mashariki hutoka nje. Docubox, mfuko ulioanzishwa na Judy Kibinge hapa Nairobi, umefanya kazi kubwa ya kutuwezesha kuanzia nyumbani, lakini hauwezi kubeba kila kitu. Basi tunakwenda kuuza mawazo yetu kwenye meza za ughaibuni. Nimeketi kwenye meza kama hizo, na sitataja zilikuwa za nani. Nilipoeleza habari za dawa za kisukari na paka wa jirani, sura zilipoa. Niliulizwa hatari iko wapi. Polisi huingia lini? Je, mmoja wao amewahi kupigwa na umati, na kuna picha za simu? Nikajibu kwamba walishawahi kutishwa, ndiyo, lakini miaka yao mingi wameitumia kulipa kodi. Nikashukuriwa kwa adabu.

Ona basi nilipobanwa. Nje wananitaka nilete machozi, na ninyi mnanitaka nilete majuto. Pande zote mbili zinakubaliana, bila kukutana, kwamba Wakenya wawili wa jinsia moja hawawezi kuzeeka pamoja kwa amani ya kuchosha. Na marufuku zenu ndizo zinazompa nguvu yule wa nje. Filamu isiyoweza kuonyeshwa Kenya lazima imtafute mtazamaji wa London au Toronto, na mhariri anaanza kuikata kwa ajili yake: hapa eleza ukoo ni nini, hapa ondoa utani wa Kiswahili kwa kuwa tafsiri haitoshi chini ya skrini, hapa weka muziki wa huzuni. Mwishowe maisha ya mtaani kwetu yanarudi nyumbani kwa magendo, kwenye simu, yakiwa yamechongwa kumfaa mgeni. Halafu tunasema mambo haya ni ya kigeni. Kama mngependa filamu hizi ziwe za Kikenya zaidi, ziruhusuni zitazamwe na Wakenya. Mhariri anayejua hadhira yake ipo Prestige Plaza na Kisumu hukata tofauti kabisa.

Kuna wazazi wanaohofia watoto, na hofu hiyo siidharau. Alama ya 18 ipo kwa ajili hiyo. Nipeni hiyo alama, hata kama filamu haina la kumficha mtoto zaidi ya wazee wawili kulala chumba kimoja, nami sitateta. Wekeni onyo mwanzoni ikiwa mnataka. Kazi yenu kwa jina lenyewe ni kuainisha, na kuainisha kunampa mtazamaji habari aamue. Mtu mzima wa Kakamega anayelipa kodi ya serikali na kupiga kura anaweza kusoma onyo na kubaki nyumbani.

Viongozi wa dini nao mtawasikiliza, na ni haki yao kusikilizwa. Kwenye filamu yangu yumo mmoja, ikiwa hatabadili nia. Hakubaliani na maisha ya wawili hawa na amewaambia hivyo usoni, kisha amekuja kwao kuwaombea mgonjwa, akala na akabeba mabaki kwenye mkebe. Sijui nitamweka wapi katika hoja ya upande wowote. Ndiyo maana namtaka.

Ninachowaomba ni mambo machache. Kwanza, mwombaji wa kibali cha dokumentari aruhusiwe kuwasilisha muhtasari badala ya 'maneno yote', na majina na mahali wanapoishi wahusika viwekwe kwenye bahasha ambayo afisa mmoja anayejulikana ndiye anayewajibika nayo. Pili, mkikataa filamu, kataeni kwa maandishi, mkitaja kifungu na dakika ya filamu inayokivunja, ili mtu aweze kurekebisha au kukata rufaa. Maneno kama 'inaeneza' na 'inatukuza' hayana dakika. Na msimwombe tena mwelekezi yeyote abadilishe mwisho wa hadithi uwe wa huzuni. Kwa dokumentari mtakuwa mmewaomba watu walio hai waachane.

Nitawasilisha ombi langu kwa njia ya kawaida, ada ikiwa imelipwa. Nitaambatanisha maelezo ya mandhari kwa kadiri yatakavyokuwa salama kuyaandika. Na pale fomu itakapodai maneno yote yatakayosemwa, nitajaza kwamba wahusika bado hawajayasema, na kwamba nikiyapata nitawaletea mwisho kama ulivyo.

Wenu,

Mtengenezaji filamu wa kujitegemea,
Nairobi